Nani kasema molasi ni ya ng'ombe?

Najua nimepotea. Mitihani ya katikati ya muhula ilinibana, zamu za usiku kule maktaba zikanimalizia nguvu, na baridi ya huku Massachusetts nayo haina adabu, imeingia kabla sijanunua hata soksi nzito. Kuna walioniandikia kuuliza kama nimeolewa kimya kimya. Sijaolewa jamani. Nilikuwa napika uji.

Msicheke. Ni uji kweli, wa unga wa mahindi na maziwa, ila unamaliziwa kwenye oveni kwa saa mbili na zaidi, na kinachoutia rangi na utamu ni molasi. Wenyeji wa pande hizi za kaskazini mashariki ya Marekani wanauita Indian pudding. Uji huo ndio ulioniingiza kwenye ugomvi mwezi uliopita, na leo nataka niueleze wote maana bado unanikera. Mkimaliza kusoma mniambie nilikosea wapi.

Basi bwana, ilikuwa hivi. Kila Novemba idara yetu huwa na chakula cha jioni. Kila mtu anakuja na sahani yake, na mbele ya sahani anaweka kikaratasi kinachosema hiki ni nini na kimetiwa nini, kwa ajili ya wenzetu ambao wakila karanga au yai wanavimba. Mwaka juzi nilipeleka pilau. Mwaka jana pilau tena, manake waliiomba kwa jina. Mwaka huu wakatangaza kwamba mada ni vyakula vya kizamani, nikajisemea hapana, pilau ipumzike, ngoja safari hii niwapikie cha kwao wenyewe.

Aliyenifundisha ni bibi mwenye nyumba ninamopanga, mzee wa miaka themanini na ushee. Maelekezo yake yako kwenye kadi ya kuandikwa kwa mkono iliyolowa siagi hadi unaona maandishi ya upande wa pili. Maziwa lita moja, unga wa mahindi nusu kikombe, molasi nusu kikombe, siagi kijiko kikubwa, yai moja, chumvi kidogo, tangawizi ya unga na mdalasini. Unachemsha maziwa, unanyunyiza unga huku unakoroga ili usifanye madonge, unauacha uive taratibu, kisha unatia molasi na viungo na siagi. Yai unalipiga pembeni na kulichanganya na uji kidogo kwanza, la sivyo utapata mayai ya kukaanga ndani ya uji. Halafu unamimina kwenye bakuli la udongo, unaingiza kwenye oveni ya moto mdogo na kwenda kusoma. Mtoto yeyote wa Tanga aliyewahi kutumwa kukoroga uji wa mzazi hawezi kushindwa hapo.

Mimi nilishindwa.

Kadi inasema moto uwe 300. Mimi akili yangu ya Bongo ikaniambia 300 ni kuunguza nyumba ya watu, nikakumbuka kwamba hawa wanapima kwa Farenhaiti, nikageuza kwa simu, nikapata kama 150 ya Selsiasi. Safi kabisa, msomi. Nikaenda nikazungusha kitufe mpaka 150. Oveni ya huku, wapenzi wasomaji, nayo inasoma Farenhaiti! Saa mbili baadaye nafungua, maziwa yananitazama vilevile kama nilivyoyaacha, vuguvugu la kuogeshea mtoto. Bibi alicheka mpaka akakaa chini.

Mara ya pili moto ulikuwa sawa, lakini molasi ndiyo ilinionyesha cha moto. Nilinunua chupa nyeusi kuliko zote dukani nikidhani ndiyo yenye nguvu. Kumbe kuna madaraja. Kiwandani maji ya miwa huchemshwa, chembe za sukari zinajitenga, zinachujwa kwa mashine inayozunguka kwa kasi, na kinachobaki ndiyo molasi ya kwanza, nyepesi na tamu. Hiyo huchemshwa tena, inatolewa sukari nyingine, inabaki ya pili, nzito kidogo. Ikichemshwa mara ya tatu inabaki ile nyeusi tii, chungu, yenye madini ya chuma na chokaa. Huku kuna watu wanainywa kwa kijiko kama dawa. Sawa, ina madini, lakini sukari nayo ingali imo, tusidanganyane. Kwa pudini inaua. Uji wangu wa pili ulikuwa na ladha ya kufuli.

Wa tatu ukakubali. Juu ulifanya ngozi ya rangi ya kahawa, ndani ukawa laini, pembeni ukatoa majimaji kidogo, nikashtuka, bibi akasema ndivyo unavyotakiwa kuwa, ukikauka wote umeuharibu. Tukaula moto na aiskrimu ya vanila juu yake. Kijiko cha kwanza nikanyamaza. Haukuwa utamu wa sukari nyeupe ule wa kupiga kelele mdomoni kisha ukapotea. Ulikuwa utamu mzito, una uchungu kwa mbali, una moshi, na unakuja nyuma nyuma wakati umeshameza. Nikaijua ladha hiyo. Ilikuwa chai ya bibi yangu mzaa mama, ya tangawizi na sukari guru, anayoimega kwa kisu kutoka kwenye donge lililofungwa majani makavu ya mgomba.

Sasa ugomvi wa kwanza. Kuna kaka mmoja mtu wa Moshi anasoma uhandisi chuo cha jirani, mbeba boksi mwenzangu tuliyezoeana. Alipita kunisalimia akaikuta chupa mezani. Akaisoma, akaisoma tena, akaniangalia kama nimeokota kitu jalalani.

"Dada, wewe unakula molasi? Si chakula cha ng'ombe hicho? Mzee wangu anakichanganya na pumba!"

Ana haki yake. Kwetu molasi ya viwandani, iwe ya Kilombero, Mtibwa, Kagera au hiyo TPC ya kwao Moshi, tunaijua kwa kazi mbili, kulishia mifugo na kutengenezea spiriti. Hakuna anayemwekea mgeni mezani. Na sukari guru, ambayo ni maji hayohayo ya miwa yaliyochemshwa na kugandishwa pamoja na molasi yake yote bila kutenganishwa, nayo tumeivunjia heshima. Ukinunua nyingi sokoni watu wanakuangalia kwa jicho la pembeni, huyu anapika gongo. Majirani zetu wa magharibi ya Kenya wanaichemsha kwa wingi, wao wanaiita sukari nguru, na kejeli za pombe ni zilezile.

Nikamwambia kaka yangu, kwanza tazama jina. Wazee wa pwani walikuwa na jina lao la kimiminika hiki, asali ya miwa. Chukua kitu kilekile, kiite asali ya miwa, utalamba kidole. Kiite molasi, utatafuta ndoo na ng'ombe. Yeye akasema mimi nacheza na maneno. Labda. Lakini hakuna mtu aliyewahi kukataa asali.

Pili, unga wenyewe. Huu nimeusoma mwaka huu nikabaki mdomo wazi. Wazungu wa kwanza waliohamia hapa walifundishwa mahindi na wenyeji, watu kama Wawampanoag. Kwa kosa la Columbus la kudhani amefika India, watu wa bara hili waliitwa Wahindi, na nafaka yao ikaitwa nafaka ya Wahindi. Ndiyo sababu uji huu una India kwenye jina wakati haijawahi kuiona hata kwa mbali. Haya, na sisi je? Mahindi! Tamka polepole. Mmea huohuo, uliotoka Amerika ukavuka bahari na kufika pwani yetu, na sisi tukaupa jina la Uhindini. Watu wawili wasiojuana, pande mbili za dunia, wamekosea anwani ya kitu kimoja. Nikimweleza bibi mwenye nyumba anasema basi sisi ni ndugu. Nami nilipoliona bakuli lake mara ya kwanza sikujihisi mgeni, ni dona na maziwa tu, limevaa koti la baridi.

Kaka wa Moshi akaonja. Akasema si mbaya. Mtu wa Moshi akisema si mbaya, mpeni sahani ya pili.

Ugomvi wa pili ndio uliouma.

Nilikaa na binti ninayeishi naye nyumba moja, Mmarekani mweusi kutoka South Carolina, tukawa tunaandika kile kikaratasi cha mbele ya sahani. Nikataka kuandika "pudini ya kizamani ya molasi, kama ya bibi". Akaniuliza swali moja tu. Zamani ya nani?

Jamani, mimi nasoma historia. Nilitakiwa niulize mimi.

Manake molasi haikuota Massachusetts. Huku miwa haioti, baridi ingeiua wiki moja. Ilitoka visiwa vya Karibi, na iliyolima miwa hiyo ni mikono ya Waafrika waliouzwa. Visiwa vya Wafaransa vilikuwa na molasi ya kumwaga, kwa sababu Ufaransa ililinda brandi yake na haikutaka ramu iishindanie soko, hivyo wafanyabiashara wa huku wakaipata kwa bei ya chini. Wakaileta kwa mapipa. Nyingine ikaliwa kwenye maharage, mikate na pudini, nyingine ikapikwa ramu, na ramu hiyo, hasa ile ya Newport kule Rhode Island, ikapakiwa melini kwenda Afrika Magharibi kununua watu wengine wa kwenda kulima miwa mingine. Duara limefunga. Uingereza ilipoweka ushuru wa peni sita kwa galoni mwaka 1733 juu ya molasi ya visiwa vya wageni, watu wa huku waliikwepa kwa magendo miaka na miaka. Mwaka 1764 ushuru ukapunguzwa hadi peni tatu lakini safari hii ukakusanywa kwelikweli, na kelele zake ni sehemu ya zilizoishia kwenye uhuru wa Marekani. John Adams, aliyekuwa rais wa pili, aliandika mwaka 1818 kwamba haoni sababu ya kuona haya kukiri kuwa molasi ilikuwa kiungo muhimu katika uhuru huo. Uhuru wa nani, binti wa South Carolina angemuuliza.

Watu wengi wa hapa walikula molasi kwa sababu ilikuwa rahisi kuliko sukari nyeupe. Hiyo ndiyo maana yake halisi ya chakula cha kizamani. Sukari nyeupe ilikuwa ya wenye nacho, inakuja imegandishwa umbo la pia na kufungiwa kabatini. Ilipoanza kushuka bei kuelekea mwisho wa karne ya 19, molasi ikawa ya maskini na wazee, baadaye ikawa ya kumbukumbu, na leo inauzwa kwenye chupa yenye picha nzuri. Kule Pennsylvania, kwa wale wenye asili ya Kijerumani, wana pai yao ya molasi inayoitwa shoofly, kwa sababu eti unatumia muda mwingi kufukuza nzi kuliko kula. Na kusini wana shira inayotengenezwa kwa mtama mtamu, nao wengi wanaiita molasi. Mtama! Asili yake Afrika. Hata hiyo nayo tunaidai.

(Kwa wanaopenda visa vya Boston: tarehe 15 Januari 1919 tangi kubwa la molasi lilipasuka kwenye mtaa wa North End. Galoni kama milioni 2.3. Wimbi lake lilikuwa refu kuliko nyumba ya ghorofa moja, likabomoa majengo, likaua watu 21 na kujeruhi kama 150. Iliwekwa pale isubiri kufanywa spiriti ya viwandani. Wenyeji wakitaka kumsema mtu mzito wa kutenda husema ni mzito kama molasi ya Januari. Ile ya Januari ile walishindwa kuikimbia. Nimekwenda pale, kuna kibao kidogo tu, unaweza kukipita bila kukiona.)

Basi nikaandika kikaratasi kipya. Nikasema unga ni urithi wa wenyeji wa kwanza wa nchi hii, molasi ni jasho la watumwa wa Karibi, na humu mna maziwa, yai na siagi. Dada mwandalizi akanipigia simu. Kwa upole sana akasema sahani yangu itawahuzunisha watu wakati wa kula, kwa nini nisiandike tu kwamba ni ya kizamani. Nikamwambia mada mmeichagua nyinyi. Zamani ikija, inakuja na mizigo yake yote, huwezi kuipokea na kuiambia begi liache nje.

Nikarudi nyumbani najiona shujaa, nikitegemea mwenzangu wa South Carolina atanipigia makofi. Wapi! Akakisoma kile kikaratasi akakirudisha mezani. Akasema bibi yake alikuwa anamimina molasi kwenye sahani, anaiponda na siagi, anachovya mkate mdogo wa moto kutoka oveni, anafumba macho. Wazee wa bibi yake walipimiwa unga wa mahindi, nyama ya nguruwe ya chumvi, na pengine molasi, kama posho, na kwa posho hiyo wakapika vitu vya kukufanya ufumbe macho. Akasema, sitaki mtu asimame mbele ya bakuli ananionea huruma huku kijiko kiko mdomoni. Usimgeuze bibi yangu kuwa msiba.

Usiku ule sikulala vizuri. Manake nilikuwa nimemsahihisha mwandalizi asifiche uchungu, na hapohapo nikawa nimeficha utamu. Na huo utamu nao ulitengenezwa na watu. Hakuna bwana shamba aliyewafundisha. Walipewa masalia, kilichobaki chini baada ya kizuri kuondoka, wakakifanya chakula ambacho watoto wa mabwana leo wanakililia kama urithi wao.

Nikaanza kufikiria kwetu. Mimi ukoo wa mama ni watu wa Pangani. Shuleni tulisoma Pangani kwa sababu ya Abushiri, aliyepigana na Wajerumani na kunyongwa palepale Desemba 1889. Nilipata alama nzuri kwa Abushiri. Kitu ambacho sikumbuki kuandikiwa ubaoni ni kwamba Abushiri alikuwa na shamba la miwa, na mashamba ya miwa ya bonde la mto Pangani zama zile yalilimwa na watumwa. Ng'ambo ya maji, Unguja na Pemba, karafuu ni hadithi hiyohiyo, na walioletwa kuzichuma wengi walitoka bara, hadi kando ya Ziwa Nyasa. Na waliokuja kuzinunua? Miongoni mwao ni wafanyabiashara wa Salem, mji ulio nusu saa kwa treni kutoka Boston. Marekani ilifunga mkataba wa biashara na Sayyid Said mwaka 1833, na konseli wao wa kwanza Unguja, aliyewasili 1837, alikuwa mtu wa Salem. Wakatuuzia kitambaa ambacho mpaka leo bibi zetu wanakiita merikani. Kwa hiyo mdalasini na karafuu za kwenye keki ya tangawizi ya huku, na molasi yake, na merikani ya kwetu, vimepita kwenye bandari ambazo zinajuana.

Bibi yangu wa Pangani anajua kumega sukari guru. Sijawahi kumuuliza mama yake aliijulia wapi, kwenye jiko la mwenye shamba au kwenye kibanda cha mkamuaji. Niliogopa jibu? Hapana, sikuwa na hilo swali. Ndilo jambo ninalolilalamikia. Wamarekani wameipamba zamani yao mpaka haina jasho. Sisi hata kuipamba hatukuipamba, tumeitupa. Kashata za njugu za sukari guru, ngumu za kuvunja meno, nyumbani sasa ukizitaka mpaka umwambie mama fulani mapema azipike, nyingi za barabarani ni sukari nyeupe na rangi ya waridi. Uji wa mzazi wa pilipili manga tunautia sukari ya pakiti. Keki ya sikukuu tunataka iwe nyeupe kama shuka la hospitali. Halafu mtu akiweka sukari guru mezani tunauliza, vipi, umeanza biashara ya gongo?

Na msiniambie kwamba haifai kuokea. Inafaa kuliko. Molasi ina uchachu kidogo, ukiikutanisha na magadi ya dukani, ile soda ya unga ya kuokea, inatoa povu na kuinua keki bila hamira. Wapishi wa hapa walilijua hilo zamani. Kitabu cha Amelia Simmons kilichochapwa Hartford mwaka 1796 kina mkate wa tangawizi wa molasi unaoinuliwa kwa magadi yaliyotolewa kwenye majivu. Magadi ya majivu, jamani! Bibi yangu analainishia maharage kwa hayohayo. Nimejaribu keki ya namna hiyo kwa soda, molasi, tangawizi nyingi na karafuu chache za kusaga. Siku ya kwanza ni nzuri, siku ya tatu ndiyo imekomaa, kama pilau la kiporo. Na kwa asiye na oveni, sufuria, mchanga, mkaa chini na mkaa kwenye mfuniko. Tumeoka hivyo maharusi mangapi?

Turudi kwenye chakula cha jioni. Asubuhi nilimpa mwenzangu kalamu. Kikaratasi changu sikukibadilisha, maneno yalibaki yaleyale, ila nilimwomba aongeze ya kwake chini. Akakaa nacho muda mrefu kuliko nilivyotegemea. Akaandika kwamba bibi yake aliila na mkate wa moto na siagi, na kila mara akaomba ya pili.

Watu walisoma. Wengine walisoma wakasogea kwenye kuku. Mzee mmoja mwalimu wa idara alisoma, akachota, akarudi, akasoma tena, hakusema kitu. Kijana mmoja aliniuliza kama hakina ngano, nikamwambia hakina, akafurahi, hiyo ndiyo historia aliyoitaka. Dada mwandalizi alichota kijiko kimoja cha heshima, baadaye nikamwona anakwangua pembeni mwa bakuli pale penye ngozi iliyoungua, na pale ndipo penye utamu, mwenye kujua anajua. Bado hatujazungumza vizuri mimi na yeye. Nadhani anaona nilimharibia. Na mwenzangu bado anaona kikaratasi kilikuwa kirefu.

Mimi msimamo wangu ni huo. Sitaoka molasi kama pambo la bibi wa kwenye picha, na sitaacha kuioka kwa sababu ya ilikotoka. Nyie mnaonaje? Niandikieni, hata wa kunisema mje. Na walio nyumbani, kama bibi yako au mama yako anapika chochote kwa sukari guru, iwe kashata, uji, chai, au kitu ambacho mimi mtoto wa mjini sikijui, muulize anapikaje na alifundishwa na nani, uniandikie vyote viwili. Mwezi wa saba nikija likizo naanzia Pangani, nina maswali ya kumuuliza mwenye kisu.

Kaka wa Moshi kapita tena jana. Kakaa, kazungukazunguka jikoni, mwishowe kaniuliza eti ile chupa imebaki. Nikamwambia iliyobaki ni ile nyeusi, ya ng'ombe. Akasema nimpe hivyohivyo.